Mtoto Akiwekwa Kwenye Makao ya Pamoja Marekani: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua nyingi zinazotufikia kutoka kwa wasomaji wetu waishio Marekani zinahusu mtoto aliyeondolewa nyumbani na mamlaka ya ustawi wa watoto, ambaye hakupelekwa kwa familia ya malezi ya kambo, yaani familia yenye idhini ya kumlea kwa muda mtoto asiye wake, bali amewekwa katika makao ya pamoja, akilelewa na wafanyakazi wa zamu pamoja na watoto wengine. Nimechagua barua tano. Majibu yanafuata sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo, lakini kila jimbo lina kanuni zake za nyongeza, tena mara nyingine zilizo kali zaidi, kwa hiyo mwenye kesi mahakamani ayasome majibu haya kama maandalizi ya kuzungumza na wakili, si badala yake.

SWALI: Baada ya salaam, mimi ninaishi Columbus, Ohio. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 14, alikuwa akiishi na mama yake Louisville, Kentucky. Wiki iliyopita aliondolewa nyumbani, akapelekwa kwenye makao ya tiba kwa maelezo kwamba ana hasira na amewahi kutoroka. Nilipompigia simu afisa wa kesi aliniambia nisubiri kwanza wataalamu wamalize kazi yao. Je, nisubiri? Nina chumba, nina kazi, na kijana ananijua tangu azaliwe. Dada yangu naye Kiingereza hakijui vizuri na kila kikao anatoka bila kuelewa.

JIBU: Usisubiri, mama. Ndugu wengi wamepoteza nafasi yao kwa kusubiri kuitwa, kwa kuwa sheria inayosimamia makao ya namna hiyo inahesabu siku tangu mtoto alipoingia, na hesabu hiyo haisimami kwa ajili ya ndugu ambaye bado hajajitokeza.

Sheria yenyewe ilitiwa saini tarehe 9 Februari 2018 ikiwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti, na wahusika huiita Family First. Haikupiga marufuku makao ya pamoja. Ilichofanya ni kushika mfuko. Serikali kuu huyarudishia majimbo sehemu ya gharama za kuwatunza watoto wanaostahiki walio katika malezi ya kambo, na kwa sheria hii fedha hizo za matunzo hukatwa baada ya wiki mbili ikiwa mtoto amewekwa katika makao ya pamoja yasiyo miongoni mwa aina chache zilizotajwa. Aina mojawapo, ambayo kwa maelezo yako inaelekea ndimo alimo mwanao, ni makao ya tiba yaliyotimiza masharti maalumu, na katika karatasi za kesi utayaona yakiandikwa kwa herufi QRTP. Huko fedha zinaweza kuendelea kulipwa, lakini ni lazima mtoto apimwe na mtaalamu ndani ya siku 30 tangu alipowekwa, kisha mahakama iyapitie matokeo na kuidhinisha au kukataa makazi hayo ndani ya siku 60. Upimaji usipokamilika katika siku hizo 30, serikali kuu hailipi chochote cha matunzo kwa muda wote ambao mtoto atakaa pale. Hiyo ndiyo sababu maofisa hukimbizana katika mwezi wa kwanza, na ndiyo sababu nawe hupaswi kukaa kitako.

Mtaalamu anayempima mtoto hatakiwi kuwa mwajiriwa wa idara iliyomchukua, wala kuwa na uhusiano na makao yanayopokea watoto, isipokuwa pale ambapo jimbo limeomba na kupewa ruhusa maalumu baada ya kuonyesha kwamba mpimaji wake hataegemea upande. Anatumia kipimo kilichothibitishwa kitaalamu na kinacholingana na umri wa mtoto, na swali la msingi analopaswa kulijibu ni kama mahitaji ya mtoto yanaweza kutimizwa akiwa na ndugu zake au katika familia ya kambo. Akisema hayawezi, lazima aandike sababu. Hapo sheria imeweka sentensi ambayo ningependa uikariri: uhaba wa familia za kambo si sababu inayokubalika. Afisa hawezi kusema mtoto anahitaji makao ya tiba kwa kuwa tu hakupata nyumba ya kumpeleka, hasa ikiwa nyumba ipo Columbus na mwenye nyumba anapiga simu.

Mtaalamu huyo hafanyi kazi peke yake. Sheria inataka ashirikiane na timu ya familia, ambayo ndani yake wamo wazazi na ndugu wanaofaa, jamaa, watu wasio wa damu lakini waliokuwa kama ndugu kwa mtoto, na watu wa taaluma wanaomfahamu, kama vile mwalimu, daktari, mshauri wa afya ya akili, au hata imamu na mchungaji. Mtoto aliyetimiza miaka 14 ana haki ya kuchagua baadhi ya wajumbe wa timu hiyo, na mwanao ametimiza. Anaweza kukutaja wewe. Idara inatakiwa kuweka katika faili ushahidi kwamba ilifanya juhudi za dhati kuwatafuta wajumbe, majina yao na namna ya kuwapata, na kwamba mikutano ilifanyika katika saa na mahali panapoifaa familia. Vilevile ni lazima yaandikwe mapendekezo ya timu kuhusu mahali mtoto akae, na ikiwa mtaalamu ameamua tofauti, aeleze kwa nini. Kikao kikifanyika bila wewe kujulikana kwamba upo, hakuna pendekezo lako la kuandikwa, na jaji atasoma faili ambalo jina lako halimo.

Kwa hiyo andika leo. Barua pepe inatosha, kwa sababu ina tarehe. Mwandikie afisa wa kesi, na nakala impate mwakilishi wa mtoto mahakamani pamoja na wakili wa dada yako ikiwa anaye. Eleza uhusiano wako na kijana, sema uko tayari kumpokea, omba kuingizwa katika timu ya familia, kisha omba jambo la nne ambalo watu wa majimbo mawili husahau: kwamba Kentucky itume mara moja ombi kwa Ohio la kukagua nyumba yako. Mtoto aliye chini ya mamlaka ya jimbo moja hapelekwi kuishi jimbo jingine bila mkataba wa majimbo kufuatwa, na wewe huwezi kuuanzisha utaratibu huo mwenyewe; ombi lazima litoke kule aliko mtoto. Sheria ya mwaka 2006 inalitaka jimbo linalopokea ombi likamilishe ukaguzi na kutoa ripoti ndani ya siku 60. Siku hizo zinaanza ombi linapofika, si mtoto anapoondolewa, na kila wiki ambayo ombi limelala mezani Kentucky ni wiki ambayo jaji wa kikao cha siku ya 60 hatakuwa na ripoti yako mbele yake.

Usiogope sana habari ya leseni. Kanuni ya serikali kuu iliyotolewa Septemba 2023 inayaruhusu majimbo kuweka viwango vya leseni vilivyo tofauti kwa ndugu, ili shangazi au bibi asikataliwe kwa mambo ambayo hayahusu usalama wa mtoto, na ndugu aliyeidhinishwa anapaswa kulipwa kiwango kilekile cha matunzo anacholipwa mlezi asiye ndugu. Uliza kwa maandishi kama jimbo lako limeshaweka viwango hivyo. Tena ujue kwamba, hata kabla ya wewe kupiga simu, idara ilikuwa na wajibu, tangu sheria ya mwaka 2008, wa kuwatafuta ndugu watu wazima wa mtoto na kuwaarifu ndani ya siku 30 tangu aondolewe nyumbani.

Kuhusu dada yako, taasisi inayopokea fedha za serikali kuu haitakiwi kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na hilo limekuwa likitafsiriwa kwamba asiyejua Kiingereza apewe mkalimani bila kulipa. Aombe mkalimani wa Kiswahili, au wa lugha anayoimudu zaidi kama si Kiswahili, kabla ya kila kikao. Usimkalimanie wewe. Wewe una jambo lako katika kesi hii, na siku moja mtu anaweza kudai kwamba maneno ya mama yalipitia kinywa cha anayetaka kumchukua mtoto.

Sina budi kuongeza neno ambalo huenda hulipendi. Inawezekana upimaji ukaonyesha kwamba kijana anahitaji tiba ya karibu kwa miezi kadhaa, na inawezekana ikawa kweli. Hata hivyo nafasi yako haipotei. Makao hayo yanatakiwa kuishirikisha familia katika tiba, kuwatafuta ndugu na kudumisha mawasiliano nao, na kupanga mapema mtoto atatoka kwenda wapi. Ndugu aliyejiandikisha tangu mwanzo ndiye anayetajwa katika mpango huo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 17 ni mjamzito na amewekwa katika nyumba ya wasichana walio katika hali hiyo. Nimesikia habari za siku 14 na siku 30. Je, ataondolewa akiwa na mimba?

JIBU: Hapana. Nyumba zinazowahudumia wasichana wajawazito au vijana ambao tayari ni wazazi ni moja ya aina zilizotengwa, kwa hiyo malipo hayakatwi baada ya wiki mbili, na ule upimaji wa siku 30 hauhusiki. Aina nyingine zilizotengwa ni makazi ya kujitegemea yenye usimamizi kwa vijana waliotimiza miaka 18, na makao yanayowahudumia watoto waliosafirishwa kwa biashara ya ngono au walio katika hatari hiyo. Yako pia makazi ambamo mzazi anatibiwa uraibu wa dawa za kulevya huku mtoto akiwa naye, na huko malipo kwa mtoto yanaweza kufika miezi 12. Mambo ya kawaida ya kesi yanabaki palepale: afisa amtembelee kila mwezi, kesi ipitiwe angalau kila miezi sita, na mahakama ikae juu ya mustakabali wake angalau mara moja kwa mwaka.

SWALI: Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye makao ya vijana Minnesota. Kila mwaka masharti yanaongezeka. Tumechukuliwa alama za vidole, wamekuja wakaguzi wa ithibati, na sasa msimamizi anasema lazima muuguzi apatikane hata saa nane za usiku. Halafu kijana wa miaka 16 akiomba kwenda kulala kwa rafiki yake wa shule, tunaambiwa tungoje kibali cha mahakama. Sheria inasemaje hasa?

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili yanayotoka katika sheria mbili, na moja kati yake inaelekea msimamizi wako ameielewa kinyume.

Kuhusu alama za vidole, sheria ya 2018 inamtaka kila mtu mzima anayefanya kazi katika taasisi ya kulelea watoto achunguzwe kumbukumbu zake za jinai katika hifadhi ya taifa pamoja na rejista ya watu waliobainika kuwatesa au kuwatelekeza watoto. Haijalishi kama anapika, anafagia au anakaa na vijana usiku. Zamani msisitizo ulikuwa kwa wazazi wa kambo, na mtu angeweza kushangaa kwamba mwanandoa anayempokea mtoto mmoja alichunguzwa kwa makini kuliko mlinzi wa usiku mwenye funguo za vyumba kumi.

Ithibati na muuguzi ni masharti ya yale makao ya tiba tu. Makao yanayotaka kutambuliwa hivyo lazima yawe na leseni ya jimbo na ithibati kutoka chombo huru kinachokubaliwa na Wizara ya Afya ya serikali kuu. Yatumie utaratibu wa tiba unaozingatia kiwewe alichopitia mtoto. Na yawe na wauguzi wenye usajili au leseni pamoja na wataalamu wengine wa tiba wanaopatikana saa 24, siku saba za wiki. Kupatikana hakumaanishi lazima muuguzi awe amekaa jengoni usiku kucha. Sheria inasema wawepo mahali pale kwa kadiri utaratibu wa tiba wa makao hayo unavyotaka, na nje ya hapo wafikike. Makao madogo mengi yameona gharama hizi ni nzito mno, mengine yakaacha kuwapokea watoto wa malezi ya kambo, jambo ambalo nitalirudia katika jibu linalofuata.

Kuhusu kijana na rafiki yake, sheria ya Septemba 2014 iliandikwa kwa ajili ya kilio hichohicho. Vijana walio katika malezi ya kambo walikuwa wakikosa safari za shule, michezo, hata kulala nyumba ya rafiki, kwa sababu kila jambo lilihitaji saini ya mtu aliye mbali. Sheria hiyo inayataka majimbo kuwapa walezi mamlaka ya kuamua kama mzazi mwangalifu mwenye busara angeamua, akipima afya na usalama wa mtoto huku akimwachia nafasi ya kukua. Kwa makao ya pamoja imesema wazi kwamba lazima awepo mahali pale angalau ofisa mmoja aliyeteuliwa na kufunzwa kufanya maamuzi hayo, na kulala nje kumetajwa ndani yake. Muulize msimamizi: ofisa wetu ni nani, na yuko zamu lini? Ikiwa kuna amri ya mahakama inayomhusu kijana huyo peke yake, hiyo ni habari nyingine na lazima iheshimiwe. Ikiwa haipo, wa kuamua yumo humo ndani ya jengo.

Jambo moja hukuliuliza lakini nitalisema. Katika majimbo karibu yote, mtu wa kazi yako anabanwa na sheria kutoa taarifa akishuku kwamba mtoto anateswa, hata kama anayeshukiwa ni mfanyakazi mwenzake. Kumweleza msimamizi peke yake kwa kawaida hakukuondolei wajibu huo.

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimefanya kazi hii Marekani kwa muda mrefu. Naona magazeti yanasifu sheria ya 2018 kana kwamba imewaokoa watoto. Sisi tuliomo kazini tunawaona wakilala ofisini na hotelini kwa sababu makao yamefungwa na familia hazipo. Je, hamwoni kwamba sheria imeondoa paa kabla ya kujenga nyumba?

JIBU: Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ingawa lawama ningeigawa tofauti.

Wazo kwamba mtoto alelewe katika familia kuliko katika taasisi si geni nchini humo. Mkutano ulioitwa na Rais Theodore Roosevelt huko Washington mwaka 1909 ulikwisha kulitamka, na ulisema pia kwamba mtoto asiondolewe nyumbani kwa sababu ya umaskini peke yake. Sheria ya mwaka 1980 ikayataka majimbo kumweka mtoto mahali penye vizuizi vichache kadiri inavyowezekana na panapofanana zaidi na familia. Lakini sheria hiyo haikuwa na meno ya fedha: jimbo liliweza kumweka mtoto katika makao ya pamoja kwa miaka na kuendelea kurudishiwa gharama. Kilichokuwa kipya mwaka 2018 ni kulifunga tamko la zamani kwenye malipo.

Kwa upande mmoja sheria ilikuwa na mizani yake. Ilifungua fedha za kuzuia mtoto asiondolewe kabisa, yaani za tiba ya akili, matibabu ya uraibu na mafunzo ya malezi kwa wazazi, na ikayapa majimbo hiari: kanuni za makao ya pamoja zingeanza tarehe 1 Oktoba 2019, na jimbo lililotaka lingeweza kuziahirisha kwa muda usiozidi miaka miwili, ila katika muda wa kuahirisha lisingepata zile fedha za kuzuia. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki katika karatasi. Tatizo ni kwamba kuzuia ni kazi ya miaka, na kuandaa familia ya kambo inayoweza kumpokea kijana wa miaka 15 mwenye majeraha ya nafsi ni kazi ya miaka vilevile, ilhali kukatika kwa malipo ni kazi ya wiki mbili.

Kisha kukatokea mgongano ambao watunga sheria hawakuusawazisha. Sheria ya Medicaid, yaani bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato kidogo, tangu mwaka 1965 inakataa kulipia matibabu ya mtu aliye chini ya miaka 65 anayekaa katika taasisi ya maradhi ya akili, na taasisi hiyo inaelezwa kuwa ni ile yenye vitanda zaidi ya 16 inayohudumia hasa wagonjwa wa akili. Makao ya tiba ya sheria ya 2018 yanatakiwa kuwa na wauguzi, wataalamu na tiba ya kiwewe, na kadiri yanavyotimiza masharti hayo ndivyo yanavyofanana na taasisi iliyokatazwa. Makao yenye vitanda zaidi ya 16 yakihesabiwa hivyo, mtoto anaweza kupoteza malipo ya matibabu yake yote, hata ya meno. Majimbo yaliyokuwa na makao makubwa yakajikuta yameambiwa na mkono mmoja yaongeze tiba na mkono wa pili ukaadhibu kwa kuiongeza. Hapo nawalaumu wabunge moja kwa moja.

Hata hivyo sikubali kwamba njia ilikuwa kuyaacha makao kama yalivyokuwa. Juni 2024 Kamati ya Fedha ya Seneti ilitoa ripoti kuhusu makao ya tiba ya vijana iliyoeleza kupigwa, kufungiwa na kutelekezwa kwa watoto ambao gharama zao zilikuwa zikilipwa na umma, na Desemba mwaka huohuo ikatiwa saini sheria inayoagiza makao ya namna hiyo yachunguzwe kitaifa. Anayetaka makao yarudi yalivyokuwa aisome ripoti ile kwanza.

Kuhusu kulala ofisini, hali hiyo imeripotiwa katika majimbo kadhaa na wala haitetewi na sheria. Ofisi na chumba cha hoteli havina leseni ya kulea mtoto, na malipo ya matunzo ya serikali kuu yanataka mahali penye leseni au idhini. Kwa hiyo jimbo linalomlaza mtoto ofisini halikwepi kanuni za makao ya pamoja. Limeanguka nje yake kabisa. Ninachojiuliza ni kwa nini majimbo yaliyokuwa na miaka ya kujiandaa yalitumia muda huo kutafuta vitanda zaidi kuliko kuwatafuta ndugu. Mama mdogo aliyeandika barua ya kwanza ana kitanda kitupu Columbus, na ameambiwa asubiri.

SWALI: Mimi na mume wangu ni wazazi wa kambo tuliopewa leseni mwaka jana. Tumeombwa kumpokea mvulana wa miaka 10 ambaye amekaa kwenye makao ya tiba kwa miezi saba. Tunaogopa kuletewa mtoto na begi lake tu. Tudai nini kabla hajafika?

JIBU: Mna haki ya kuogopa hivyo, na mna haki ya kudai.

Anzeni na miezi saba yenyewe. Kwa mtoto asiyefika miaka 13, kukaa katika makao ya tiba zaidi ya miezi sita, iwe mfululizo au kwa vipindi, hakukubaliki kimyakimya: idara inatakiwa kuwasilisha kwa serikali kuu ushahidi wa karibuni uliopelekwa mahakamani, pamoja na idhini iliyotiwa saini na mkuu wa idara wa jimbo. Kwa waliotimiza miaka 13 kipimo ni miezi 12 mfululizo au 18 kwa vipindi. Maana yake ni kwamba kuna karatasi za karibuni zinazoeleza mahitaji ya mvulana huyu, tiba aliyopewa, muda uliokadiriwa na maandalizi ya kumtoa. Ombeni maelezo yake. Mkiambiwa hakuna, hilo nalo ni jambo la kumwambia mwakilishi wake mahakamani.

Pili, makao anayotoka yanatakiwa kutoa msaada wa kifamilia kwa angalau miezi sita baada ya mtoto kuondoka. Wengi hudhani kazi ya makao inaisha mlangoni. Ulizeni nani atakuja nyumbani kwenu, siku gani, na mtampigia nani mtoto akivurugikiwa usiku wa Jumamosi, kwa kuwa katika wiki za mwanzo huo ndio wakati mambo huharibika. Andikisheni majibu hayo kabla ya kumpokea. Baada ya kumpokea watu huwa hawashiki simu kwa wepesi uleule.

Tatu, kumbukumbu zake za afya na za shule ni sehemu ya mpango wa kesi, na sheria inataka mlezi apewe nakala wakati mtoto anapowekwa kwake. Someni hasa orodha ya dawa. Ikiwa anatumia dawa za akili, ulizeni aliyeziandika ni nani, mara ya mwisho alimwona lini, na dawa zilizobaki zitatosha siku ngapi hadi miadi ya daktari mpya. Mtoto wa aina hii hufika na dawa za wiki moja na miadi ya mwezi ujao. Kuhusu shule, kanuni ni kwamba abaki katika shule aliyokuwa akisoma ikiwa hilo lina manufaa kwake, na ikiwa halina aandikishwe mpya mara moja hata kama karatasi hazijakamilika.

Jambo la mwisho linahusu idadi. Nyumba ya kambo haitakiwi kuwa na watoto wa kambo zaidi ya sita, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa, kama kuwaweka ndugu pamoja. Ikiwa mvulana huyu ana ndugu mahali pengine, ulizeni walipo kabla hamjakubali kujaza vyumba vilivyobaki na watoto wengine. Na kikao cha mahakama kinachofuata mtakuwa mkimlea tayari, kwa hiyo idara lazima iwape taarifa ya tarehe, nanyi mna haki ya kusikilizwa humo kama walezi wake.